Nyumba Iliyosemezana kwa Redio

Baba yangu alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabu. Alifanya kazi bandarini. Akirudi jioni anaoga, anakunywa chai ya rangi, kisha anatoka barazani na redio yake. Ukikosea hakugombezi. Anasubiri. Siku yoyote, pengine umeshasahau ulichofanya, Radio Tanzania Dar es Salaam inapiga wimbo wa mtoto asiyesikia la mkuu, na baba ananyoosha mkono, anaongeza sauti. Basi. Nyumba nzima inajua kesi iliyosomwa ni ya nani.

Tulikuwa tunakaa Ilala, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, jiko na choo uani. Vyumba viwili vyetu, vinavyobaki vya wapangaji. Nawasimulia vijana wa ofisini kwetu kwamba nimekua nikisikiliza nyimbo ambazo sikuzichagua hata moja, wananihurumia. Hawajui. Wimbo ambao hukuuchagua ndio unaoweza kukukuta.

Kwa sisi wa Bara redio ilikuwa moja tu. Ulikuwa na Idhaa ya Taifa na Idhaa ya Biashara, zote za serikali, na wenye redio nzuri usiku walitafuta BBC au Sauti ya Ujerumani. Televisheni Zanzibar walikuwa nayo tangu 1974, lakini huku Bara tulingoja mpaka 1994. Kwa hiyo mchana kutwa, ukitembea kutoka Ilala Boma mpaka Bungoni, kipindi hakikatiki masikioni: kimeanza dukani, kinaendelea kwa fundi cherehani, unakimalizia kwa muuza kahawa. Ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, yule kipofu aliyezipiga ngoma nyingi peke yake, zikisikika kabla ya taarifa ya habari, watoto tulinyamaza bila kuambiwa.

Betri zilikuwa mali. Miaka ile ya 1983 na 1984, sukari ya foleni, sabuni ya foleni, betri nazo hupati hovyo. Zikichoka, bibi alizitoa moja moja, akazifuta kwa upindo wa khanga, akazipanga juu ya bati la banda la kuku saa za adhuhuri. Jua la Dar likizipiga vizuri, jioni zinarudi na uhai wa nusu saa hivi. Na nusu saa hiyo ilikuwa na ratiba: taarifa ya habari kwanza, matangazo ya vifo, halafu kikibaki kitu ndiyo muziki. Mara nyingi sauti ilianza kunywea katikati ya beti, mwimbaji akasikika kama anaondoka na lori, na sisi watoto tukamalizia wimbo kwa midomo yetu, gita na yote.

Muziki wenyewe ulikuwa wa dansi. Mtu aliyezoea nyimbo za sasa za dakika tatu hawezi kuelewa zile zilikuwa na subira ya namna gani. Wimbo unaanza taratibu, unatoa kisa: ndoa inayumba, rafiki kageuka, mtu kaja mjini kasahau kwao. Beti zinapita, kiitikio kinapita, saksafoni na tarumbeta zinajibizana, ndipo gita la solo linachemka na wachezaji wanainuka. Kaka zangu walikuwa watu wa nusu ya pili. Baba alikuwa mtu wa nusu ya kwanza. Gita likianza tu kuchemka alipunguza sauti, kesi imekwisha, kinachobaki ni vurugu za vijana.

Watu wanasahau kwamba nyimbo hizo nyingi hukuweza kuzinunua hata ukiwa na pesa. Nchini hapakuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Santuri zilichapwa Nairobi, na si kila wimbo ulifika huko. Bendi zilikwenda kurekodi studio za Radio Tanzania pale Barabara ya Pugu, siku hizi Barabara ya Nyerere, wanamuziki wote chumba kimoja wakipiga kwa pamoja, na kanda inabaki kwenye maktaba ya redio. Wimbo ulikuwa wa redio. Wewe ulikuwa na kazi ya kuungojea.

Na bendi zenyewe zilikuwa za mashirika. Jambo hili nikiwaambia wanangu wanadhani natania: kwamba mpiga besi alikuwa mwajiriwa, ana mshahara wa mwisho wa mwezi. Polisi walikuwa na Polisi Jazz, Umoja wa Vijana ulikuwa na Vijana Jazz, Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz, hata shirika la mabasi, UDA, lilikuwa na bendi yake. NUTA Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadilika jina bendi nayo ilibadilika: ikawa JUWATA, ikawa OTTU, mwisho ikajisimamia na kuitwa Msondo Ngoma. Upande wa pili wakawa Mlimani Park, walioanza 1978 na baadaye kuwa chini ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC, mtindo wao Sikinde, ngome yao ukumbi wa DDC Kariakoo.

Nyumbani kwetu mpaka huo ulipita kwenye korido. Baba alikuwa Sikinde. Mpangaji wa chumba cha mbele, fundi wa mitambo kiwandani, alikuwa Msondo kufa. Walipikiana chai, walisindikizana misibani, lakini kwenye hilo hawakupatana hata nukta. Ugomvi wao mkubwa ulikuwa mmoja: Muhidin Gurumo ni wa nani? Maana Gurumo alikuwemo tangu NUTA ya mwanzo, kisha akahamia Mlimani Park na kuipa Sikinde miaka yake mizuri, akapita Orchestra Safari Sound, halafu akarudi Msondo. Baba alidai mtu ni pale alipong'arisha jina. Mpangaji alidai mtu ni pale alipoanzia na atakaporudia. Gurumo alipofariki Aprili 2014, mpangaji yule alikwishajenga Chanika na baba alikwishastaafu zamani. Alimpigia baba simu kumpa pole. Baba naye akampa pole yeye. Nilikuwepo, nilisikia: kila mmoja alimwona mwenzie ndiye mfiwa.

Sasa nije kwenye sikukuu, maana hapo ndipo redio ilipofanya kazi yake kubwa.

Baba alikuwa na mdogo wake Temeke. Waligombana kwa ajili ya shamba la minazi alilowaachia babu upande wa Kisiju, nani avune, nani auze, na maneno yakavuka mpaka. Wakawa hawatembeleani. Katika familia zetu hiyo ni aibu, kwa hiyo haikutajwa. Bibi alikuwa akienda Temeke kumsalimia mwanawe mdogo anaaga kwamba anakwenda hospitali.

Mwaka mmoja, Ramadhani haijaanza, baba aliniita na kadi ya salamu. Wa umri wangu wanazikumbuka: unanunua kadi, unajaza jina lako na majina ya unaowasalimia, unaipeleka posta, kisha unakaa mkao wa kusikiliza, huenda ikasomwa, huenda isisomwe. Redio ilijaa salamu. Wagonjwa walikuwa na kipindi chao cha Ugua Pole, watoto tulikuwa na Mama na Mwana cha Deborah Mwenda, na salamu zilipenya kila mahali. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri, ndiyo sababu nikaitwa.

"Andika," akasema. "Bibi yako. Andika shangazi yako wa Kisiju. Wafanyakazi wenzangu wote wa gati. Jirani zangu wa Ilala."

Nikaandika. Nafasi ikabaki ya mstari mmoja. Akaangalia barabarani kitambo.

"Na mdogo wangu, popote alipo."

Popote alipo! Temeke, vituo vichache vya basi la UDA, nyumba anayoijua mpaka mlango wake unafungukia wapi. Nikaandika hivyo hivyo. Wimbo aliwaachia watangazaji, mradi uwe wa Mbaraka Mwinshehe, ambaye wakati huo alikwishafariki kwa ajali ya gari kule Mombasa, Januari 1979, lakini hewani alikuwa bado anaishi.

Kadi ilisomwa katikati ya Ramadhani, jioni, tumezunguka sinia tunasubiri adhana. Mtangazaji alisoma majina kwa sauti ile ya upole, akafika "na mdogo wake, popote alipo", gita likaingia. Mama alimtazama baba. Baba, ambaye kwa nyimbo za wenzake aliongeza sauti, safari hii hakugusa redio. Alisimama akaenda kutawadha, na alitawadha muda mrefu kuliko kawaida.

Usiku wa kuamkia Idd ulikuwa wa redio mwanzo mwisho. Mwezi ulisubiriwa hewani. Kasida zinapigwa, zinasimama, mtangazaji anasema tuendelee kusubiri, kasida zinarudi. Uani mama ameshakatakata vitunguu vya pilau, amevifunika, hajavikaanga, kwa sababu akikaanga na mwezi usitangazwe ni hasara. Mchele ule ulipatikana kwa taabu. Nguo zetu ziko kwa fundi, naye hajashona vifungo, anasubiri redio hiyo hiyo. Wapangaji Wakristo nao hawalali, watoto wao wanataka kujua kama kesho kuna pilau. Halafu tangazo linakuja: mwezi umeandama. Unasikia mtaa unapiga kelele, si nyumba moja, mtaa mzima kwa sekunde ile ile, vigelegele kutoka Amana mpaka Malapa, mafuta yanalia kwenye masufuria, na fundi wetu anapita mbio na nguo begani anatafuta vifungo vya kuazima. (Siku hizi mwezi unaandama kwenye magrupu ya WhatsApp saa kumi jioni, jua bado liko juu, na nusu saa baadaye linakuja tangazo jingine kwamba lile la kwanza ni la uongo.)

Asubuhi baada ya sala, baba mdogo aliingia. Kijana alikuwa nyuma yake na kiroba cha nazi kichwani. Za Kisiju. Kila mtu alizijua.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

Akakaa mkekani. Akavua kofia, akaivaa. Akatazama redio iliyofunikwa kitambaa cha kufuma cha mama.

"Redio yenu bado inashika vizuri?"

"Inashika," baba akajibu. "Na ya kwako?"

"Jioni jioni inashika vizuri sana."

Mama akaleta visheti na kalimati. Bibi akaanza kulia, akasingizia moshi wa kuni, na kuni zilikuwa zimezimwa tangu alfajiri. Sisi tulipewa hela za Idd na baba mdogo, tukaondoka zetu Mnazi Mmoja kwenye bembea. Shamba lilikuja kugawanywa miezi kadhaa baadaye, kwa mkeka na wazee, na maneno makali yalisemwa tena. Lakini yalisemwa na watu wanaokula pamoja.

Nimelifikiria jambo lile mara nyingi nikiwa mtu mzima, hasa nilipoanza kugombana na ndugu zangu mwenyewe. Baba angemfuata mdogo wake Temeke mmoja angelazimika kushindwa. Angemwandikia barua angelazimika kujibu. Kadi ile ilimpa mwenzie ruhusa ya kutokuisikia. Angeamua kuwa hakufungua redio jioni ile, na hakuna ambaye angemwambia ni mwongo. Wimbo ulipigwa na redio, haukupigwa na baba, na ndivyo ilivyokuwa hata kwetu watoto: ukisomewa kesi yako barazani unaweza kujifanya unatazama sisimizi. Heshima yako unabaki nayo. Unajirekebisha kwa wakati wako.

Krismasi ilikuwa na sauti zake. Desemba mji ulipungua, Wachaga wakaenda Moshi kwa mabasi na treni, mitaa ikawa mipana. Mama mmoja wa Kimoshi, mpangaji wa chumba cha uani, hakuwa akienda kila mwaka, nauli ya watu watano si mchezo. Alikuwa na redio kaseti ya mume wake na kanda za Jim Reeves. Jim Reeves alikufa kwa ajali ya ndege Marekani mwaka 1964, miaka mingi kabla hatujajua jina lake, lakini Krismasi za Ilala zilikuwa zake, yeye na Boney M. Kiingereza hatukukielewa. Tuliimba hivyo hivyo, maneno ya kubuni, na baadhi ya maneno yetu hadi leo nayaona mazuri kuliko yake.

Kuku wa Krismasi alichinjwa na baba. Mama yule alimleta mwenyewe, anamshika mabawa, ili sahani iweze kupita mlango wowote. Pilau ilitoka kwake imefunikwa kawa, nasi hatukuirudisha sahani tupu. Idd zamu yetu. Hapakuwa na hotuba juu ya jambo hilo.

Krismasi moja mume wake alikuwa safarini, hajarudi, na fedha aliyosema ataituma haikufika. Hakupika. Aliwasha kanda yake chini chini, mlango umerudishwa. Kwetu Radio Tanzania ilikuwa inaunguruma, kaka zangu wanacheza korido. Mama yangu alitoka jikoni, akasimama akasikiliza kidogo, akaja akazima redio. Ya baba! Hakuna aliyewahi kuizima redio ya baba akiwa yupo.

"Leo sikukuu ni ya mwenzenu," akasema. "Mwachieni naye asikike."

Baba hakusema kitu. Kaka zangu wakatoka nje. Nyumba nzima ikabaki na Jim Reeves peke yake, na baada ya nyimbo mbili tatu mlango wa uani ukafunguka, sauti ikaongezeka kidogo. Mama akamwambia aje wamenyane vitunguu. Mengine yalikuwa mapishi.

Kisha zikaja kanda na mambo yakabadilika. Redio kaseti zilienea, na mwaka 1994 Radio One ikaingia hewani na ITV, watangazaji kina Julius Nyaisanga tuliowazoea Radio Tanzania tukawasikia huko. Mwishoni mwa muongo Clouds wakaja na vijana wao wa Bongo Fleva. Zote nilizipenda. Lakini kilichoingia nyumbani kwetu kwa kishindo kilikuwa mipasho, taarabu za kurushiana vijembe. Hiyo ndiyo miaka ya vikundi vya TOT na Muungano, Khadija Kopa kule, Nasma Khamis huku, na mji mzima umegawanyika kuliko Simba na Yanga. Mama yangu, mwanamke mpole aliyezima redio ili jirani asikike, akawa mtu wa TOT. Mpangaji mpya aliyehamia chumba cha mbele akawa mtu wa Muungano. Wakakosana kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo.

Sitaeleza vita vile vyote. Inatosha kusema kwamba mtu mwenye kanda habahatishi. Anauchagua wimbo, anachagua saa, anakaa mlangoni na khanga yenye maneno yanayofanana na wimbo, na beti ikipita anairudisha nyuma isikike tena. Aliyelengwa hana pa kujificha. Hawezi kusema ni redio. Hapo sikumwunga mkono mama, na bado simwungi. Kijembe cha redio kilikuwa na huruma ndani yake kwa sababu hata anayekirusha hakujua kitatua saa ngapi. Cha kanda kilikuwa cha kuumiza, na kiliumiza. Waliishi nyumba moja miaka na sikuwahi kuona sahani ikivuka korido ile.

Baba muda wote huo aliendelea na redio yake ya betri. Mara moja tu nilimwona akiongeza sauti bila kumlenga mtu: asubuhi ya tarehe 14 Oktoba 1999, Rais Mkapa alipotangaza kwamba Mwalimu Nyerere amefariki London. Siku zilizofuata redio zilipiga nyimbo za maombolezo tupu. Yule mama wa Muungano alileta kigoda chake barazani akakaa karibu na mama. Hawakusemezana, lakini walikaa. Leo 14 Oktoba ni siku ya mapumziko, wanangu wanalala mpaka saa nne.

Mimi sasa naishi Mbagala. Muziki wote wa utoto wangu uko kwenye simu, ikiwemo nyimbo ambazo baba alizingojea maisha yake yote zipigwe mara ya pili. Kwenye mabasi ya mwendokasi kila abiria ana waya masikioni, na nilidhani ule mtindo wetu wa kusemezana kwa nyimbo umekufa na kizazi cha baba.

Haukufa. Mwaka jana nilimkatalia binti yangu mkubwa jambo. Halihusu mtu, ni la ndoa na tarehe. Jioni nikafungua simu, nikakuta ameweka wimbo kwenye status yake, Sikinde ya zamani, ile nusu ya kwanza kabisa, ya kisa. Amekata pale pale panapohusika. Sijui kaujulia wapi, nadhani kwa babu yake. Kosa la kifaa hiki ni kwamba kinamwonyesha mtu nani ametazama. Nikiufungua, anajua. Nisipoufungua, anajua pia. Nilikaa na simu mkononi nikimtamani yule mtangazaji wa zamani ambaye angesoma majina ishirini na langu likawa la mwisho.

Nikaufungua. Nikausikiliza wote. Sikumjibu kwa maneno, nikaweka status yangu: wimbo wa Marijani Rajabu, na nikawaruhusu watu wote wauone, wafanyakazi wenzangu, majirani, kina mama wa kikoba, ili awe mmoja kati ya wengi. Mama mmoja wa kikoba akaniandikia akiuliza kama nimemwekea yeye kwa lile deni. Nikamwambia hapana, ingawa sasa alivyosema, mh.

Idd iliyopita wote walikuja kwangu. Kaka zangu, watoto, wajukuu wa yule mama wa Kimoshi ambao hatujapoteana nao, na baba mdogo, mzee sasa, anashikwa mkono. Kuna spika moja ndogo ya kuunganisha na simu na vijana watano wanaigombea. Nikaweka utaratibu: kila mtu nyimbo mbili, kwa umri, kuanzia mkubwa, na ni marufuku kutaja wimbo umepigiwa nani. Baba mdogo akaomba Mbaraka. Binti yangu aliyekuja na mchumba wake akaomba kitu cha vijana ambacho sikukielewa. Shangazi yao, wifi yangu ambaye tulikuwa na lile jambo letu la michango ya msiba, akasikiliza wimbo nilioupiga mimi, akaniegemea.

"Wifi, huu umenipigia mimi?"

"Hata. Imejipigia yenyewe hiyo."

"Haya. Basi ongeza sauti, nyuma huku hatusikii."

Nikaongeza. Kisha watoto wakaita kwamba pilau imeshapakuliwa na tukanyanyuka kwenda kunawa.